Vidole Viwili vya Maji

Tawi la mgunga lilikuwa limelazwa mlangoni kwa Bibi Lukresia, miiba ikitazama ndani.

Minza ndiye aliyeliona kwanza, alipotoka na ndoo asubuhi. Alisimama pale pale. Katika kijiji chao, nyuma ya Dutwa, hakuna aliyehitaji kufundishwa maana ya tawi la miiba. Likiwekwa kwenye malisho, linasema ng'ombe wasipite. Likiwekwa mlangoni kwa mtu, linasema mtu huyo asitoke; akitoka asisalimiwe, asipewe moto wala chumvi. Na akijifanya kichwa kigumu, yanayofuata huwa hayasemwi kwa mdomo.

"Kuna nini hapo?" bibi aliuliza kutoka ndani.

"Hakuna kitu, bibi."

"Hakuna kitu, na mtu mzima wa chuo kikuu kasimama kama nguzo ya simu?"

Akatoka, kanga kiunoni, rozari shingoni, macho yake mekundu yakipepesa kwenye mwanga. Macho yale yalikuwa mekundu tangu Minza anapata akili, kwa sababu bibi alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka tangu alipoolewa, na moshi wake hauna huruma. Alilitazama lile tawi. Kisha akainama, akalishika kwenye shina, akaliburuta hadi jikoni.

"Wamenipunguzia safari," alisema. "Mgunga ukikauka unawaka vizuri kuliko mavi."

Alicheka. Lakini Minza alisikia miiba ikikwaruza ukuta, krr, krr, na akajua kicheko kile hakikuwa cha furaha.

*

Mambo yalikuwa yameanza kwa heri. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, soko huria limeingia, na ghala la Chama cha Msingi lilikuwa limefungwa kwa kufuli lenye kutu, nyuki wakifanya yao ndani. Wanunuzi wapya wa pamba walikuja na magari yao na mizani yao. Kampuni moja haikutosheka na kununua. Ilitaka kujenga kinu chake chenyewe cha kuchambua pamba kando ya barabara ya Bariadi. Kujenga kunataka matofali, matofali yanataka maji, na maji katika kiangazi kile yalikuwa mahali pamoja tu, lamboni.

Lambo hilo walilichimba wenyewe, kwa majembe na makarai, Minza akiwa mtoto. Bibi Lukresia alibeba udongo kichwani pamoja na wanawake wenzake huku wakiimba. Walilichimba kwa kuwafikiria ng'ombe: juu pana, kisha linateremka polepole pande zote ili mnyama asivunjike mguu, hadi chini kabisa ambako lilikuwa jembamba. Katikati yake, bwana mifugo wa wakati ule alisimika mti mnyoofu wenye alama nyeupe, kila alama upana wa kidole. Watu waliuita kijiti. Kijiti kikifunikwa chote, lambo limejaa. Kikiwa nje chote, mkazi wa hapo afunge mizigo ahame na ng'ombe wake.

Kampuni ilipoomba maji, iliahidi kuezeka zahanati kwa bati. Makubaliano yakawa mepesi: kampuni ichukue maji hadi nusu ya kijiti, nusu iliyobaki iwe ya kijiji mpaka mvua. Nani angekataa? Nusu kwa nusu ni haki, hata watoto wanaogawana muwa wanaijua.

Alikataa mmoja tu. Bibi Lukresia alisimama mkutanoni akasema, "Maji haya mtayalilia. Nawaambieni, mtayalilia." Hakuwa na sababu nyingine zaidi ya kwamba alilibebea lambo lile udongo na hakupenda mlio wa pampu. Watu walimcheka wakaendelea.

Sasa hawakucheka. Maneno yake walikuwa wanayakumbuka neno kwa neno.

*

Kusoma kijiti ilikuwa kazi ya Ngassa, baba yake Minza, mtoto wa kwanza wa Bibi Lukresia. Kila asubuhi, kabla pampu haijawashwa, alisimama ukingoni akasoma kwa sauti. Mkononi alikuwa na fimbo iliyolingana na kijiti kwa urefu, na kila siku aliichonga alama kwa kisu pale maji yalipofika, ili hata aliyechelewa aone.

Siku ile ya tawi, watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Bundala, mkuu wa sungusungu, alikuwa mbele, filimbi yake ikining'inia kifuani. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyewahi kuzika zizi zima la ng'ombe mwaka wa ukame, na tangu wakati huo alilitazama anga kwa jicho la mtu anayedai.

"Yameshuka vidole vitatu," Ngassa alisoma.

Manung'uniko yakapita kama upepo kwenye mtama.

"Vitatu tangu jana," Bundala alisema, akigeuka ili wote wasikie. "Pampu ilipoanza, kwa siku kilikuwa kidole kimoja. Bwana Joakim, mmeongeza maboza?"

Joakim, msimamizi wa ujenzi aliyeletwa na kampuni kutoka Mwanza, alikuwa ameegemea boza la maji akichokonoa meno. "Sijaongeza hata ndoo. Maboza ni yale yale, safari zile zile. Muulizeni dereva wangu."

"Ni kweli," alisema Elia, dereva, kijana wa Mkula. "Idadi haijabadilika."

"Basi ndugu zangu," Bundala alisema, "kampuni inachukua kidole chake kimoja. Vidole viwili vinakwenda wapi?"

Joakim alitema kijiti cha meno. "Hayo sasa ni ya kwenu. Mtafuteni mwizi wenu."

Hakuna aliyetaja jina. Hapakuwa na haja. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea upande wa nyumba ya Lukresia.

"Jumamosi asubuhi, hapa hapa, tunakutana," Bundala alisema. "Na kuanzia leo vijana wawili watakaa mlangoni kwake. Asitoke. Tuone kama maji hayatarudi kwenye kidole kimoja."

Minza alimfuata baba yake njiani.

"Baba, ungesema kimoja tu. Nani angekwenda kupima?"

Ngassa alisimama. Alionekana kama mtu aliyebeba gunia ambalo hawezi kulitua. "Nikikidanganyia kijiti leo, kesho nitamtetea mama yangu kwa kitu gani? Kitu pekee nilichonacho ni kwamba watu wananiamini." Akaendelea kutembea, kisha akageuka. "Wewe umesoma. Vidole viwili vinakwenda wapi?"

*

Swali lile halikumwacha. Minza alikuwa amemaliza shahada ya hisabati mwaka ule, na barua aliyosubiri ya kupangiwa shule ilikuwa haiji kwa sababu serikali ilikuwa inapunguza watu, siyo kuongeza. Nyumbani alikuwa amegeuka mzaha. "Ng'wana Ngassa, hebu tuhesabie kuku," walikuwa wakimwambia. Bibi peke yake aliwahi kumuuliza kwa dhati.

"Hiyo kalkulasi yako inatibu nini?"

"Haitibu, bibi. Inahesabu vitu vinavyobadilika."

"Basi inahesabu kila kitu," bibi alikuwa amesema, na kuendelea kukata viazi vya kuanika kuwa michembe.

Mchana ule Minza alirudi lamboni peke yake. Pampu ilikuwa inanguruma. Aliutazama ukingo wa zamani, pale maji yalipoishia wakati wa kujaa. Ulikuwa mbali sana, udongo umepasuka vipande kama vigae. Kisha akautazama uso wa maji uliobaki katikati. Ulikuwa umefinyaa. Kutoka juu ya tuta ulionekana kama sahani iliyowekwa ndani ya ungo.

Akakaa chini.

Chuoni walikuwa wakikatakata maumbo kwenye ubao, vipande vyembamba vyembamba, wanavijumlisha, na yeye alikuwa anapata alama nzuri bila kujiuliza vipande vile ni vya nini. Sasa aliviona mbele yake. Maji yalikuwa chapati zilizopangwa, kubwa kabisa juu, ndogo kabisa chini, kila chapati unene wa kidole. Pampu hula kiasi kile kile kila siku. Juu, kiasi hicho ni chapati moja. Huku chini, chapati zimekuwa ndogo; ili ishibe vile vile, inakula tatu.

Hakuna vidole vilivyoibwa. Hapakuwa na mwizi. Lambo lilikuwa linafuata umbo walilolichimba wao wenyewe, kwa huruma ya miguu ya ng'ombe.

Machozi yalimtoka, na hakujua kama ni ya furaha au ya hasira. Ajuza alikuwa amefungiwa ndani kwa sababu ya umbo la shimo! Alisimama, akajipangusa mavumbi, akamwendea Elia aliyekuwa anajaza dizeli kwenye pampu.

"Kaka Elia, hilo faneli lako Jumamosi utaniazima?"

Elia aliinua lile faneli kubwa la bati, mdomo wake mpana kama kikapu. "La nini? Unataka kuchuja pombe?"

"Nataka kuchuja uongo."

"Basi itabidi ulioshe," Elia alisema. "Lina dizeli."

*

Jumamosi asubuhi waliketi ukingoni, wazee kwenye vigoda, wanawake upande wao, vijana wa sungusungu wamesimama na fimbo. Bibi Lukresia aliletwa katikati ya walinzi wake wawili, Januarius na Selestini. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akawatazama watu wote kwa yale macho mekundu kana kwamba yeye ndiye aliyewaita.

"Kabla hamjaanza," alisema, "nataka mjue hawa vijana wenu wamenimalizia michembe yangu yote."

Kicheko kilitoka upande wa wanawake. Januarius alitazama chini.

"Mmekula chakula cha mchawi?" mtu mmoja aliuliza.

"Tulikuwa na njaa," Selestini alisema.

Bundala alipiga filimbi, kukawa kimya. Alisema aliyoyasema: kidole kimoja, vidole vitatu, maneno ya mkutanoni. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu aliyekwisha kuona ng'ombe wakifa wamesimama. "Sina ugomvi na bibi huyu," alimaliza. "Nina ugomvi na vidole viwili."

"Na mimi nina ugomvi navyo," Minza alisema, akasimama.

"Kaa chini, binti," mzee mmoja alisema. "Hapa ni dagashida, mkutano ambao wanaume ndio wanaosema."

"Nitakaa nikimaliza, guku, babu yangu. Mkitaka kuniwekea tawi la miiba na mimi, wekeni, bibi atapikia." Akapita katikati ya vigoda hadi mbele. "Mnataka kumfukuza mtu, pengine kumwua. Anayejua kitu halafu akakaa kimya ni muuaji pia. Mimi sitakaa kimya."

Ngassa alimtazama binti yake. Hakumwambia akae.

Minza alilisimika faneli kwenye mafiga matatu, akaliziba tundu la chini kwa gunzi la mhindi, akalijaza maji ya lamboni hadi ukingoni. Akachukua kikombe kimoja cha bati.

"Hili ni lambo letu. Juu pana, chini jembamba. Hiki kikombe ni kampuni. Tazameni."

Alichota kikombe kimoja, akamwaga. Maji yakashuka kidogo, na akachora mstari kwa mkaa pale yalipoishia. Akachota kingine, akachora. Kingine, akachora. Watu walisogea. Mistari ya mwanzo ilikuwa imebanana kama meno ya kitana. Ikaanza kuachana. Alipochota cha tisa, maji yaliporomoka hadi karibu na nusu ya kina cha faneli, na mstari wa mwisho ukawa mbali na mwenzake kama mtu aliyenuniwa.

"Kikombe ni kile kile," Minza alisema. "Mmeniona. Sijabadilisha. Mbona maji yanashuka zaidi? Nani kaliloga faneli la Elia?"

"Labda dizeli," mtu alisema, na watu wakacheka, lakini macho hayakubanduka kwenye ile mistari.

"Baba, naomba fimbo yako."

Ngassa aliileta. Minza aliishika kando ya faneli. Alama za kisu alizochonga baba kila asubuhi zilikuwa zimebanana juu na kuachana chini, kama ile mistari ya mkaa. Hakuhitaji kueleza. Mwanamke mmoja aitwaye Felisita, aliyekuwa akienda gulioni Dutwa kila wiki, alipiga makofi.

"Wee! Ndiyo maana yule muuza karanga wa stendi anajaza kikaratasi nusu! Unaona kama umepata, ukimimina mkononi ni punje tano!"

"Ndivyo, mayu," Minza alisema. "Ni hivyo hivyo."

Bundala hakucheka. Alilizunguka faneli. "Faneli ni faneli," alisema mwishowe. "Lambo ni lambo. Mtoto anaweza kucheza na maji popote."

"Sawa. Basi tupime kwa lambo." Minza alichukua kisu cha baba yake. "Mmemfungia bibi ili maji yarudi kwenye kidole kimoja. Leo pampu ifanye kazi yake kama kawaida, na bibi abaki na walinzi wake. Kesho asubuhi, kama maji yatakuwa yameshuka kidole kimoja, mimi na bibi tutahama kijiji hiki bila kusukumwa. Lakini mimi nasema yatashuka mpaka hapa."

Akaipima fimbo kwa vidole, chini ya alama ya asubuhi ile: vitatu, na kipande cha kidole. Akachonga.

Bibi Lukresia alikohoa. "Mjukuu wangu, umenihamisha bila kuniuliza."

"Nisamehe, bibi."

"Si neno. Chonga vizuri tu."

*

Kesho yake walikuja hata watu wa kitongoji cha mbali. Ngassa aliingia majini hadi magotini ili asome vizuri. Alichukua muda. Aliporudi, aliinyoosha fimbo juu, kidole gumba kikiwa kwenye alama ya Minza.

Hapo hapo. Kama maji yenyewe yalikuwa yamesikia.

Minza alitegemea vigelegele. Havikuja. Watu waliokuwa karibu naye walirudi nyuma hatua moja.

"Amejuaje?" sauti ilitoka nyuma. "Mtu anajuaje maji ya kesho?"

"Bibi yake kamrithisha."

"Hakutoka mlangoni, na bado. Kumbe wako wawili!"

Hilo Minza hakulifikiria. Chuoni, ukipata jibu sahihi unapewa vema; hapa, jibu sahihi lilikuwa linamfunga. Alimwona Januarius akiikamata fimbo yake vizuri. Alimwona baba yake akisogea kusimama mbele ya mama yake. Na ndani yake kitu fulani, badala ya kuvunjika, kikasimama wima.

"Ndiyo!" alipaza sauti. "Nimejua! Na nitawaambia nimejuaje, kwa sababu mchawi huficha dawa yake, na mimi yangu iko hapo kwenye mafiga. Baba Bundala, njoo."

"Mimi?"

"Wewe. Sitagusa kitu. Nitasimama huku na mikono yangu nyuma. Chota wewe mwenyewe. Ukipata jibu lingine, nifunge."

Watu walimtazama Bundala. Mkuu wa sungusungu hawezi kuogopa faneli. Alikwenda, akapiga goti, akavunja unyasi. Minza alimwelekeza kutoka mbali kwa sauti tu. Jaza hadi ukingoni. Chota kimoja. Sasa huo unyasi uvunje ulingane na pale maji yaliposhuka. Hicho ndicho kidole chetu cha kwanza, siku pampu ilipoanza. Endelea kuchota, mpaka maji yafikie kina kama cha lambo lilivyo sasa.

Bundala alichota. Mikono yake iliyozoea kamba za ng'ombe ilikishika kikombe kana kwamba ni yai. Alipofika cha tisa, aliacha, akaupima ule unyasi kwenye nafasi ya mwisho. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Ukabaki upenyo.

"Tatu," alisema polepole. "Na kipande."

"Na fimbo inasema ngapi?"

Bundala aliitazama alama. "Tatu na kipande."

"Basi na wewe ni mchawi, Bundala!" Felisita alipiga kelele, na safari hii kicheko kilipasuka kweli kweli, kile cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Hata Selestini alicheka mpaka akaegemea fimbo.

Lakini Bundala alikuwa bado amepiga goti. Kitu kilikuwa kinamsumbua. Maji kwenye faneli sasa yalikuwa karibu na nusu ya kina, alama aliyoijua vizuri kwa sababu aliweka dole gumba kwenye makubaliano yale. Akakitumbukiza kikombe mara moja zaidi.

Kikombe kilitoka karibu kijae. Ndani ya faneli lilibaki gunzi, na unyevu.

Kicheko kilikufa.

"Vikombe tisa juu," Bundala alisema. "Chini kimoja." Aliinua uso. "Minza. Hii nusu tuliyobakiziwa..."

"Nusu ya kijiti si nusu ya maji, baba. Muwa ukiukata katikati unagawanyika sawa kwa sababu ni mnyoofu. Lambo si muwa. Kijiti kikifika nusu, lambo zima limebaki sehemu moja kati ya nane. Hiyo ndiyo yetu, na ng'ombe wote, na jua, hadi mvua za Novemba."

Bundala alisimama. Alimtazama Joakim, aliyekuwa karibu na pampu.

"Enjinia. Wewe umesoma. Ulijua?"

"Makubaliano yanasema nusu ya kijiti," Joakim alisema. "Hatujafika nusu. Bado nina haki yangu ya siku moja, mbili."

"Sijakuuliza makubaliano. Nimekuuliza kama ulijua."

Joakim alilitazama faneli, kisha akatazama pembeni. "Hakuna aliyeniuliza," alisema.

"Mimi ningekuuliza nini?" Bundala alisema, akimsogelea. "Nilikuuliza vidole viwili vinakwenda wapi. Ukaniambia nimtafute mwizi. Nilikuwa nakaribia kumwua mama wa watu!"

Akaiweka filimbi mdomoni. Ule mlio watu waliuogopa. Ulikuwa unamaanisha kuna mtu anakamatwa. Sungusungu wote walikimbilia pale. Bundala aliunyoosha mkono, siyo kwa bibi, bali kwa bomba nene jeusi lililokuwa limelala majini.

"Kamateni hilo."

Walilivuta wanaume na wanawake pamoja, tope likiruka, Ngassa mbele akiwa amesahau umri wake. Bomba lilitoka majini likitapika, likalala kwenye udongo uliopasuka kama nyoka aliyepigwa. Joakim alipiga kelele kuhusu wilayani, kuhusu mahakama, kuhusu bati za zahanati.

"Nenda wilayani!" Minza alimjibu. Sketi yake ilikuwa matope matupu. "Ukifika uwaambie tutakuja na faneli. Na bati zenu ezekeeni kinu. Sisi zahanati tutaiezeka kwa nyasi, lakini tutakunywa maji."

"Faneli ni langu," Elia alisema kutoka kwenye usukani wa boza. Halafu akafikiri kidogo, na akawasha injini. "Lakini baki nalo, dada. Nitamwambia bosi limepotea."

*

Kesi ilikwenda wilayani kweli, na maneno yakawa mengi, na bati hazikuja mwaka ule. Lakini bomba halikurudi majini. Asubuhi zilizofuata Ngassa alisoma kijiti, na maji yalishuka kwa kile tu walichokunywa ng'ombe na watu, na kile kilichochukuliwa na jua, ambalo halijui mkataba. Yalikuwa machache. Walipanga zamu za kunywesha, wakagombana juu ya zamu, wakapatana. Minza aliwaonyesha vijana jinsi ya kukadiria maji yatadumu mpaka lini, na wa kwanza kuja na kamba na mkaa alikuwa Januarius, aliyekuwa akilinda mlango.

Jioni ya siku ile ya bomba, jua likiwa bado juu ya vilima, Bibi Lukresia alichukua ndoo yake akaelekea lamboni mwenyewe. Njia ilipita mbele ya nyumba ya Bundala. Watu waliokuwa uani waliacha walichokuwa wanafanya.

Bundala alitoka. Alisimama kando ya njia, akavua kofia.

"Mwadila, mayu," alimsalimia, kama mtu anavyomsalimia mama yake jioni.

Bibi aliendelea kutembea hatua mbili tatu, kana kwamba hakusikia. Kisha akasimama. Akamgeukia, na macho yake mekundu yakamtazama muda mrefu, mpaka yule mtu mrefu akainamisha kichwa.

"Mwadila," alijibu. Akampa ndoo. "Beba. Umeniwekea kuni mlangoni, sasa unichotee na maji."

Bundala aliichukua ndoo, akamfuata nyuma.